Jicho Juu ya Kabati la Mama

Mama alipopata kiharusi cha pili, mimi na kaka yangu tulikaa jikoni kwangu, St Marys, pembezoni mwa jiji la Sydney, jioni tatu mfululizo, tukijadili jambo ambalo kwetu Tanga lisingejadiliwa. Kwetu mzazi akilemaa hakuna kikao. Anahamishiwa chumba kilicho karibu na ukumbi, wanawake wa nyumba wanagawana zamu, na maisha yanaendelea. Lakini hapa nyumba nzima ni mimi, mume wangu na watoto wawili wanaosoma. Kaka na mkewe wako Bankstown, karibu saa nzima kwa gari barabara ikiwa nzuri, na barabara haiwi nzuri mara nyingi.

Mimi ni mhudumu wa wazee. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiinua, nikiogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba moja upande wa Penrith. Nilikuwa nikitoka huko narudi kumwinua wangu. Baada ya kiharusi cha kwanza niliweza, kwa sababu mama alikuwa bado anajikongoja. Cha pili kilichukua upande wake wote wa kulia na zaidi ya nusu ya maneno yake. Wiki ya tatu nilimshika kumtoa chooni, mgongo wangu ukakataa, tukaanguka wote wawili. Tulikaa sakafuni tukimsubiri mume wangu arudi kazini. Mama alicheka. Mimi nililia. Nadhani hapo ndipo uamuzi ulipofanyika, ingawa hakuna aliyeutamka.

Tukampeleka kwenye nyumba ya wazee iliyo mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Si ile ninayofanyia kazi, nyingine. Watu wetu walisema, kama watu wanavyosema. Hawakuniambia mimi. Walimwambia wifi yangu, naye akanifikishia maneno yote bila kupunguza hata moja: kwamba tumemtupa mama.

Vyumba vya mtu mmoja vilikuwa vimejaa, hivyo mama akapewa kitanda katika chumba cha wawili. Chake kilikuwa dirishani, cha mwenzake mlangoni, na kati yao pazia la rangi ya krimu linalotembea kwenye reli ya darini. Mwenzake alikuwa bibi wa Kizungu wa miaka themanini na kitu, aliyezaliwa hukuhuku magharibi mwa Sydney na ambaye hakuwahi kuolewa. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Miguu na moyo ndivyo vilivyomchosha.

Siku za mwanzo niliogopa. Mama hakuwahi kujua Kiingereza cha maana, na hicho kidogo alichokuwa nacho kiliondoka na kiharusi. Lakini wale wawili wakapata njia yao. Nje ya dirisha kulikuwa na maegesho ya magari na mkaratusi mmoja mkubwa, na kila alasiri kasuku weupe wenye vishungi vya njano walitua pale wakapiga kelele utadhani wako mnadani. Mama alikuwa akinyoosha mkono wake mzima wa kushoto na kusema, "Kasuku." Bibi yule, pazia likiwa limevutwa lote hadi ukutani, alikuwa akijibu kutoka kitandani kwake, "Kasuku," akilikaza neno mwanzoni kama mtu anayeita mbwa. Basi wanaangalia mpaka ndege waondoke.

Kitu cha pili kilichonituliza ni mhudumu mmoja, binti wa Kikenya aliyekuwa akisoma uuguzi huku akifanya kazi. Alimwita mama shosho, kama wanavyoita bibi kwao. Mama, ambaye maneno yalimtoka kwa shida, alikuwa akijikusanya kumsahihisha: "Bibi." Binti anasema, "Haya, bibi shosho, tuoge?" Mama anacheka hadi mate yanamtoka. Kiswahili chao kilikuwa mbalimbali kama chai na kahawa, lakini kilikuwa Kiswahili, na mama alikuwa akikisikia kila siku kutoka kwa mtu ambaye si mwanawe.

Mwezi wake wa nne pale nilimkuta mama mkono wake wa kulia umevilia damu, kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na bega. Niliuliza. Hakuna aliyejua. Kwenye daftari la zamu palikuwa pameandikwa kwamba alama imeonekana asubuhi wakati wa kuoga. Nikamuuliza mama, akautazama mkono kama wa mtu mwingine.

Mimi najua ngozi ya wazee. Najua inavilia kwa kuguswa tu. Kaka hakujua, na hata nilipomweleza hakutaka kujua. Alikuja jioni ileile, akapiga picha mkono, akamtaka meneja amtajie nani alikuwa zamu. Aliyekuwa zamu ni yule binti wa Kikenya. Akaondolewa kwenye chumba cha mama wakati uchunguzi ukiendelea.

"Baba amezikwa mimi niko angani," kaka aliniambia tulipofika kwenye maegesho. Ni kweli. Baba alipofariki, kaka alifika Tanga siku mbili baada ya maziko, na hajawahi kujisamehe. "Huyu hatadhurika nami nipo hapahapa."

Wiki iliyofuata alileta kamera. Ilikuwa ndogo kama kikombe cha kahawa, nyeupe, yenye jicho jeusi katikati. Meneja alisema utaratibu wa nyumba yao unaruhusu, mradi ielekezwe kitandani kwa mama peke yake, tangazo libandikwe mlangoni, na mwenzake wa chumba aridhie. Siku mbili baadaye akatuambia fomu imeshasainiwa. Nani amesaini? Mtoto wa dada yake yule bibi, aliyeko Perth, upande wa pili wa nchi, ambaye ndiye msimamizi wa mambo yake.

Nilikuwa nimesimama pale. Yule bibi alikuwa amekaa kitandani kwake hatua nne kutoka kwangu, miwani machoni, gazeti mapajani. Kazini kwangu tunafundishwa kumuuliza mtu hata kabla ya kumfungua kifungo cha shati. Sikumuuliza. Niliona karatasi ina sahihi, nikatosheka.

Na mama? Kaka alimwinamia akamwambia, "Mama, hiki ni cha usalama wako." Mama alisema, "Sawa." Wakati ule alikuwa akisema sawa kwa kila kitu, kwa chai, kwa dawa, kwa nepi. Kaka akaiweka kamera juu ya kabati, karibu na picha ya baba, akatuunganishia programu yake kwenye simu zetu, yake na yangu.

Sitasingizia kwamba nililazimishwa kutazama. Siku ya kwanza nilifungua mara moja, wakati wa chai kazini. Mama alikuwa amelala. Siku ya pili nikafungua mara tatu. Baada ya wiki nilikuwa nikifungua kituoni, jikoni, hata nikiwa nimesimama kwenye foleni ya duka la nyama Bankstown. Mara nyingi hakuna kinachotokea. Mama amelala. Mama ameamka. Mkono wa mhudumu unaingia na kijiko, unatoka. Nilijiambia kwamba namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa namkosa mama nyumbani kwangu, na kule kumwona kwenye kioo cha simu kulinipunguzia aibu ya kumwacha.

Kamera ilichukua sauti pia. Jambo hilo hatukulifikiria, au tulilifikiria tukalipita. Haikumwona yule bibi, lakini ilimsikia. Nilimsikia akizungumza kwenye simu na yule wa Perth, akisema haidhuru, haidhuru, labda Pasaka. Nilimsikia akilirudia neno kasuku peke yake mama akiwa usingizini. Siku moja nilimsikia akimwomba mhudumu radhi kwa kuchafua shuka, kwa sauti ndogo, mara nne au tano. Maneno kama hayo nayasikia kazini kila siku. Lakini kazini nipo chumbani, mtu ananiona, naweza kumwambia bibi usijali, inatokea kwa kila mtu. Pale nilikuwa kwenye benchi la stesheni ya St Marys, na mkate mkononi. Sikuzima.

Kamera ilitupa jibu tulilolitaka. Siku ya kumi na mbili, alasiri, nilimwona mama akijishika kwenye chuma cha ubavuni mwa kitanda kwa mkono wake wa kushoto na kuanza kujivuta. Alijivuta taratibu, akipumzika, akijivuta tena, mpaka akageukia dirisha. Mkono wa kulia, ule usio na nguvu, ulinasa kati ya chuma na godoro, yeye asijue, kwa sababu hausikii. Kisha akatulia. Midomo yake ikaanza kwenda. Ilinichukua muda kuelewa ninachokiona. Siku alipohamia nilimwambia kibla kiko upande wa dirisha. Mama alikuwa akisali.

Nilimpigia kaka. Alikuwa ameiona naye. Kesho yake tulikwenda kwa meneja tukamwonyesha. Wakabandika sifongo nene kwenye kile chuma, na yule binti akarudishwa chumbani kwa mama. Nilidhani kaka ataichukua kamera yake. Hakuichukua. Alisema sasa tumeiona faida yake.

Yule binti alirudi, lakini si yule. Alimwosha mama vizuri kuliko zamani, akamgeuza kwa saa zilizopangwa, akaandika kila kitu. Alimwita mama kwa jina lililo kwenye faili. Hakukaa tena ukingoni mwa kitanda. Nilimsubiri ukumbini siku moja, nikamwomba radhi kwa niaba yetu, nikamuuliza kwa nini hazungumzi tena na mama.

"Dada, mimi sina ubaya na nyinyi," alisema. "Lakini mimi niko hapa na viza ya masomo. Nikicheka vibaya mbele ya hiyo kitu, nani atanitetea?"

Kazini kwangu kuna chumba kimoja chenye kamera kama ile, na ndani yake mimi pia nafanya kazi kama sanamu inayotembea. Nilikuwa nalijua hilo kabla kaka hajalifungua lile boksi lake.

Kisha mama akaanza kukataa kuogeshwa. Mara ya kwanza walidhani amechoka. Mara ya tatu alimkwaruza mhudumu usoni. Walinipigia simu wakasema huenda ni akili inayoendelea kuchoka, na kwamba daktari ataangalia kama anahitaji kitu cha kumtuliza. Mama yangu, ambaye maisha yake yote hakulala bila kuoga, ambaye alitunusa shingo tulipokuwa wadogo ili ajue kama tumemdanganya, alikuwa amekaa siku tisa bila maji kugusa mwili wake.

Nilikwenda mchana, siku yangu ya mapumziko. Nilijaza beseni maji ya vuguvugu, nikachukua taulo, nikavuta kiti. Nilipogusa kifungo cha gauni lake akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mama, ni mimi."

Akaelekeza kidevu juu ya kabati. "Mle," alisema. Nilingoja. Maneno yake yalikuwa yakija kama maji ya bomba lililokaa sana, kwanza upepo. "Mle ndani. Nani yumo?"

Nikamwambia hakuna mtu mle, ni mashine tu, inapeleka picha kwenye simu yangu na simu ya kaka, ili tujue uko salama.

Macho yake hayakuondoka usoni kwangu.

"Mwanangu," alisema, "ananiona nikivuliwa?"

Nilitaka kumwambia hapana. Nilimjua kaka, nilijua kwamba wahudumu wakianza kumvua yeye huizima simu na kuigeuza kifudifudi, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwona akifanya hivyo tulipokuwa pamoja. Lakini mama angejuaje? Kwake yeye jicho lilikuwa pale muda wote, wazi, na mwanawe wa kiume alikuwa ndani yake. Alikuwa amebeba hilo wiki sita, bila maneno ya kulisemea, na silaha pekee aliyobaki nayo ilikuwa kucha.

Nilichukua taulo nikaifunika kamera. Mama akaachia mkono wangu. Nilimwogesha yote, polepole, nywele, mgongo, kati ya vidole vya miguu, na hakupinga hata mara moja. Nilipomaliza kumpaka mafuta alikuwa amelala.

Nilipotoka na beseni nililazimika kupita ubavuni mwa pazia, na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho nilikuwa nimekitazama kwenye simu kila siku bila kukiona. Pazia lilikuwa limefungwa. Lilikuwa limefungwa kwa wiki zote zile. Ilikuwa siku ya joto la kiangazi, jua limejaa dirishani, na nyuma ya pazia yule bibi alikuwa amekaa kwenye nusu giza na taa ya kusomea imewashwa mchana.

Nilimuuliza kama nimfungulie apate mwanga. Akasema hapana, asante. Nikamuuliza kwa nini.

"Dirisha liko upande wa mama yako," alisema. "Nikifungua pazia ili nione mti, ile nayo inaniona mimi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda posta.

Nilimwambia kwamba kamera imeelekezwa kwa mama peke yake. Akanitazama juu ya miwani yake, nami nikakumbuka zile simu za Perth, na lile shuka.

Akaniambia kwamba alikuwa opereta wa simu kwa miaka ishirini na mitatu, enzi zile mtu alipokuwa hawezi kupiga mbali bila kuunganishwa. "Ukitaka unasikia kila kitu," alisema. "Tulifundishwa kuondoka kwenye laini mara tu wanapoanza kuongea. Si kwamba wanasema mambo mabaya. Wengi walikuwa wanazungumzia mvua. Lakini ni mvua yao."

Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni, beseni la maji machafu miguuni, nikamwambia samahani, kwamba tuliambiwa fomu imesainiwa.

"Na mtu ambaye hajaja humu miaka miwili."

"Ningekuuliza, ungekubali?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Pengine ningekubali," alisema. "Mama yako nampenda. Lakini ungeniuliza."

Jioni ile nilipanda gari hadi Bankstown. Wifi yangu aliandaa chai na mahamri, akaona nyuso zetu, akatuachia sebule. Nilimweleza kaka yote, la mama kwanza, la yule bibi baadaye. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema nilichotarajia aseme.

"Wakianza kumvua mimi naizima. Wewe unajua."

"Najua mimi. Mama hajui."

"Tumwelimishe."

"Kaka, siku mama akifariki, wewe hutaingia chumbani anapooshwa. Utakaa nje na wanaume, na hutaona ubaya wowote. Mama anajua hivyo. Sasa yuko hai, na tumemwambia mlango uko wazi."

Nilijua nimempiga pale panapouma, na kwa dakika nzima nilitamani ningesema kwa upole zaidi. Hatimaye aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu wakati ule, wala siwezi leo. Aliuliza: na kama siku moja kweli mtu akimpiga? Isiwe kusali, isiwe chuma cha kitanda. Mama hawezi kusema. Yule bibi yuko nyuma ya pazia. Tutajuaje?

Nilimwambia kwamba mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na nimewahi kuona mhudumu akimvuta mzee nywele, na niliripoti, na akafukuzwa. Nimewahi pia kuona mambo madogo nisiripoti, kwa uchovu. Sikumwahidi kitu. Nilimwambia tu kwamba tulichokiweka kule kimemnyima mama maji, kimemnyima yule binti ulimi na yule bibi dirisha, na kwamba hakuna kati yao aliyetudhuru.

Kaka alikwenda Jumamosi akaitoa. Hakunifurahia. Kwa majuma kadhaa alizungumza nami kwa ule upole wa mtu aliyekasirika, akiniamkia na kuniuliza hali za watoto, basi. Mama alirudi kuoga. Yule binti wa Kikenya hakuwa na haraka ya kutuamini tena, na namwelewa. Lakini siku moja nilimsikia kutoka ukumbini akisema, "Haya, bibi shosho," na mama akijibu kwa sauti ambayo haikuwa neno. Nilimwomba yule bibi ruhusa, nikalifungua pazia.

Wiki ya tano baada ya hapo mama alianguka. Ilikuwa mchana. Mwenzake alikuwa amepelekwa ukumbi wa kulia chakula, na wahudumu walikuwa huko pia. Inaelekea alijivuta kugeukia dirisha, akajivuta kupita kiasi. Walimkuta sakafuni, mkono wake mzima, ule wa kushoto, umevunjika kifundo. Alikaa pale muda gani? Hakuna ajuaye. Inaweza kuwa dakika tano. Inaweza kuwa arobaini.

Kaka alifika hospitali kabla yangu. Nilipoingia nilisimama mlangoni nikingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema. Alinitazama, akasogeza begi lake ili nipate pa kukaa, na hakusema neno moja, si siku ile, si baadaye. Ningependa angesema. Nimelifikiria sana anguko lile. Kamera isingelizuia, tungeliona tu, mimi Penrith na yeye kwenye ghala anakofanya kazi, tukapiga simu, na mtu angekimbia. Pengine mama angekaa sakafuni dakika tano badala ya ambazo sizijui. Dakika hizo ni zangu. Nimekubali kuzibeba, lakini siwezi kusema kwamba ni nyepesi.

Mama aliporudi chumbani kwake, mkono umefungwa plasta, kaka alivuta kiti hadi karibu na uso wake. Mimi nilikuwa napanga nguo kabatini. Nilimsikia akifanya jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifanya tangu mwanzo. Alimuuliza. Alimweleza polepole kwamba anaweza kuirudisha ile mashine, yeye na mimi tuwe tunamwona, na kwamba wakati wa kuoga itafunikwa kwa kitambaa na mama mwenyewe atakiona kitambaa. Anaweza pia asiirudishe. Mama anataka nini?

Mama alikaa kimya hadi nikadhani amepotewa na swali. Kaka hakumharakisha.

"Njoo," mama alisema mwishowe. Akapumua. "Wewe. Njoo."

Kaka alibadilisha zamu ghalani. Sasa huja Jumatano na Jumapili, kutoka Bankstown hadi St Marys, akilaani magari njia nzima. Mwanzoni hakujua afanye nini akifika. Aliketi akishika funguo zake kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Siku hizi anamkata mama kucha, anamlisha uji, anamsimulia bei za nazi za makopo na ugomvi wa watu wa msikitini. Akimaliza upande wa dirisha anamsogezea yule bibi kiti chake cha magurudumu mahali anapopaona vizuri nje. Wahudumu wakija kumbadilisha mama, anatoka ukumbini bila kuambiwa.

Jumatano iliyopita nilipita nikitoka kazini. Mlango ulikuwa wazi nusu. Kaka alikuwa amesinzia kitini, kichwa chake kimeegemea ukingo wa godoro, na mama ameulaza mkono wake wenye plasta juu ya kichwa kile, jinsi mtu anavyouweka mkono juu ya tikiti maji ili lisibingirike. Midomo ya mama ilikuwa ikienda, kama siku ile alipogeukia dirisha. Yule bibi aliniona nimesimama. Aliweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa. Nikarudi hadi ukumbini, nikakaa huko na koti langu mapajani mpaka waliponiita.